Aliyetoka Kundini: Uchambuzi wa Kivumishi "Egregious"

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo huwatatiza wasomaji, na kwa hakika huwatatiza zaidi waliosoma sana kuliko waliosoma kidogo, kimo kivumishi "egregious", kitamkwacho i-gri-jas kwa mkazo juu ya silabi ya pili, ambacho aghalabu hakisikiki sokoni wala barazani, bali makazi yake ni hukumu za mahakama, tahariri za magazeti na barua za mawakili waliokasirika. Mwanafunzi akikikuta mara ya kwanza hukikuta kimeandamana na kosa, uongo, uzembe au dhuluma, naye hufahamu upesi kwamba ni sifa ya ubaya uliopita kiasi. Kisha hufungua kamusi ya Kilatini akaona kwamba mzazi wa neno hilo, "egregius", maana yake ni bora, mteule, mwenye fadhila zilizo wazi. Na akimwuliza mtu aliyeishi Italia huambiwa kwamba huko barua ya heshima kwa mtu usiyemzoea huanza kwa neno hilohilo, "Egregio Signore". Imekuwaje neno moja likawa kilemba kichwani mwa huyu na pingu mikononi mwa yule?

Majibu yanayotolewa ni mengi, na mengi yake ni ya pupa. Wako wasemao kwamba Waingereza waliliharibu neno la watu kwa ujinga, na kwamba maana ya haki ni ile ya Kilatini. Wako wasemao kwamba Kilatini kimekufa, na maiti haulizwi neno. Na wako waonao kuwa hapana haja ya kuuliza lolote, maadamu neno lenyewe ni la kifahari na yapo mengine mepesi ya kutosha. Makala haya yanakusudia kuitazama habari yote tangu zizini ilikoanzia hadi mahakamani ilikofikia, na kuzipima sababu zinazotajwa, kwa kuwa katika sababu hizo imo moja ambayo haipewi haki yake.

Zizi la Kirumi

Kilatini kilikuwa na neno "grex", ambalo shina lake katika miundo mingine ya sarufi huwa "greg-", na maana yake ni kundi la wanyama wafugwao, hususan kondoo na mbuzi, na kwa majazi ni kundi la watu: waigizaji wa tamthilia, wafuasi wa mwanafalsafa fulani, au umati tu usio na majina. Neno hilo likitanguliwa na "ex", au "e" kwa ufupi, yenye maana ya kutoka ndani ya kitu, hupatikana "egregius", yaani aliyetoka kundini, aliyejipambanua kwa sifa zake hata jicho likamwona kabla ya kuwaona wenzake. Kutokana na shina hilohilo Kiingereza kimerithi jamaa kubwa ya maneno ambayo wengi huyatumia pasipo kujua kuwa ni ndugu: "congregation", kundi lililokusanyika pamoja, ambalo kwa desturi ni la waumini; "aggregate", jumla ya vitu vilivyotiwa kundini; na "segregate", kutenga na kundi, neno ambalo historia ya Marekani na ya Afrika Kusini imelipaka uchungu usiofutika.

Ndugu mwingine ana kisa kinachostahili kusimuliwa kwa utulivu zaidi. Warumi walimwita askari asiye na cheo "miles gregarius", yaani askari wa kundini, mmoja kati ya maelfu, na neno hilo halikuwa na heshima yoyote ndani yake. Basi Mrumi alikuwa na watu wawili waliosimama pande mbili za lango la zizi: "gregarius" aliyebaki ndani na "egregius" aliyetoka nje, na hapana aliyekuwa na shaka nani kati yao apewe kiti. Tazama sasa Kiingereza kilivyowageuza. Mtu aitwaye "gregarious" leo ni mchangamfu apendaye kukaa na wenzake, ambaye kila mwenye karamu angependa kumwalika. Na kitu kiitwacho "egregious" ni aibu tupu. Aliyebaki kundini amepandishwa, na aliyetoka ameshushwa.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Warumi walikuwa na neno jingine la zizi hilohilo, "eximius", lililotokana na kitenzi chenye maana ya kutoa kitu mahali kilipo, nalo pia likaja kuwa sifa ya mtu bora. Macrobius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 5, ameeleza kwamba asili ya neno hilo si pambo la washairi bali ni istilahi ya makuhani, waliolitumia kwa mnyama aliyeteuliwa na kutengwa na wenzake apate kuchinjwa kafara. Kutolewa kundini, kumbe, si lazima iwe bahati ya mwenye kutolewa.

Na hapa ndipo penye jambo la msingi ambalo wapenzi wa asili za maneno hulipita mbio. Sura iliyomo ndani ya "egregius" yatuambia kuwa kiumbe mmoja ametoka kati ya wengi, wala haituambii ametoka kwa upande gani. Kondoo mwenye sufi nzuri kuliko wote ametoka kundini, na kondoo mwenye upele kuliko wote naye ametoka kundini, tena huyo wa pili mchungaji humwona mapema zaidi. Kwamba Warumi walilielekeza neno upande wa sifa njema ni mapatano yao wenyewe. Shina la neno halikuwalazimisha.

Cheo na kejeli katika Kilatini

Mapatano hayo yalikuwa na nguvu. Horace, katika kitabu cha tatu cha tenzi zake kilichotolewa mwaka 23 KK, alilitumia neno hili kwa Regulus, jemadari wa Roma aliyetekwa na watu wa Carthage katika vita vya kwanza kati ya miji hiyo miwili, ambaye kwa mujibu wa masimulizi ya Kirumi alitumwa nyumbani kutafuta suluhu, akawashauri watu wake wasiikubali, kisha akarejea kwa adui kutimiza ahadi yake, hali akijua kuwa mateso yanamngoja. Mtu anayeiacha jamaa yake yote na kwenda peke yake kwenye kifo ametoka kundini kwa kila maana ya maneno hayo, na mshairi hangeweza kupata sifa iliyomkaa vizuri zaidi.

Baadaye neno likaacha kuwa sifa tu likawa lakabu ya serikali. Tangu karne ya 2 BK, dola ya Roma ilipozidi kupanga watumishi wake kwa madaraja, maofisa wa tabaka la wapanda farasi walipewa lakabu zilizopandana kama ifuatavyo: chini "vir egregius", waliyopewa wengi waliosimamia mali na kodi za Kaisari majimboni, juu yake "perfectissimus", na juu kabisa "eminentissimus", ya mkuu wa walinzi wa Kaisari. Lakabu hizo zilichongwa juu ya mawe, na mawe hayo yangali yanasomwa. Ile ya chini ilitoweka katika karne ya 4, zama za Constantine, kwa sababu vyeo vikigawiwa ovyo hupungua thamani, na aliye egregius hutaka kuwa perfectissimus. Lakini karne mbili za matumizi ya kiserikali zilikuwa zimekwisha kulitia neno muhuri.

Pamoja na heshima hiyo yote, Warumi hawakushindwa kulitumia kwa stihizai. Virgil, katika kitabu cha nne cha utenzi wake mkuu, Aeneid, anamleta mungu wa kike Juno akimwambia Venus, ambaye yeye na mwanawe wamemnasa malkia Dido kwa mapenzi, kwamba sifa waliyoipata ni egregia kweli: miungu wawili kumshinda mwanamke mmoja! Hiyo ni kejeli isiyo na kificho, tena ya mshairi aliyesomwa na kila mtoto wa shule kwa karne nyingi. Msomaji aiweke moyoni habari hii ya Juno, kwani tutaihitaji tutakapofika kwenye mizani.

Safari ya Uingereza

Neno liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16, pamoja na mafuriko ya maneno ya Kilatini ambayo wanazuoni wa zama hizo waliyamwaga katika lugha yao wakidhani wanaitajirisha. Si wote waliofurahi. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha balagha cha mwaka 1553, aliwakebehi waandishi waliochota maneno yao katika kidau cha wino, yaani wale ambao mama zao wasingeelewa wanachosema. Na ugomvi huo uliendelea kwa miaka mingi. Kwa hiyo neno letu lilipofika ugenini lilikuwa na harufu ya darasa, na lilipokewa na kundi la watu ambao tayari walikuwa wanatafuta kitu cha kuchekea.

Ushahidi wa zama hizo waonyesha neno likiyumba. Christopher Marlowe, katika sehemu ya pili ya Tamburlaine iliyochapwa mwaka 1590, anampa mfalme Orcanes neno hili la kuwasifia watawala walio chini yake, bila tone la kejeli. Shakespeare, ambaye alizaliwa mwaka mmoja na Marlowe, anakwenda njia nyingine: katika Othello, Iago ananuia kumfanya bwana wake mpumbavu kwa namna iliyo egregious, na katika Cymbeline, mume aliyedhani amemwua mkewe asiye na hatia anajiita muuaji wa sifa hiyohiyo. Mfano ulio na faida kuliko yote, hata hivyo, ni wa Henry V, pale Pistol, mwoga apendaye maneno makubwa, anapomdai mateka wa Kifaransa fidia iliyo egregious. Hapo neno si zuri wala si baya, ni kubwa tu. Pistol anataka fedha nyingi, na fedha nyingi haijapata kuwa tusi.

Miongo kadhaa baadaye mambo yalikuwa bado hayajatulia. Thomas Hobbes alimwambia mtu kwamba yeye si mwanahisabati egregious kama huyo aliyekuwa akizungumza naye, na wafafanuzi wa maneno hulitoa tamko hilo kama mfano wa sifa njema. Lakini anayekumbuka jinsi Hobbes alivyogombana kwa miaka mingi na John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, juu ya mraba na duara, atasita kidogo kabla ya kukubali kuwa alikuwa anamsifu mwanahisabati yeyote. Kilicho wazi ni kwamba Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake mwaka 1755, aliziandika maana zote mbili, ya bora na ya baya mno, akaongeza kwamba hii ya pili ndiyo ya kawaida. Tangu hapo ile ya kwanza imekuwa ikififia, na leo kamusi huitaja kuwa ni ya kale.

Sababu tatu zinazotajwa

Rai iliyo mashuhuri kuliko zote, nayo ndiyo iliyomo katika kamusi nyingi, ni ya kejeli: watu walilitumia neno la sifa kwa kudhihaki, na dhihaka ikarudiwa hata ikasahauliwa kuwa ni dhihaka. Nguvu ya rai hii ni kwamba kila mwanadamu aijua tabia hiyo. Mtoto akivunja mtungi huambiwa "Hodari wewe!", wala haji mtu akadhani amesifiwa. Tena yaafikiana na hali ya karne ya 16, wakati neno lilipokuwa geni na la majivuno, kwani neno la majivuno ndilo lililo jepesi kugeuzwa mzaha.

Udhaifu wake ni Juno. Kama kejeli ingetosha kulipindua neno, basi Kilatini kingepinduka kwanza, kwani kejeli ya Virgil ilitangulia ile ya Iago kwa zaidi ya miaka 1600, na ilikaririwa madarasani kwa muda wote huo. Lakini "egregius" ya Kilatini ilibaki njema, na watoto wake wa Kiitaliano, Kihispania na Kireno wamebaki wema hadi leo. Hata sisi, pamoja na kuwaambia wavunja mitungi kuwa ni hodari, hatujaacha kumwita hodari mtu aliye hodari. Maneno ya sifa hutumiwa kwa kejeli kila siku katika kila lugha, na yanayogeuka ni machache mno. Kejeli, basi, huenda ikawa mbegu, lakini mbegu haielezi kwa nini imeota shamba hili na ikakataa lile.

Rai ya pili husema kwamba hapakuwa na mgeuko wowote, bali pamekuwa na kusinyaa. Neno lilipofika Uingereza lilichukua maana pana ya jambo lisilo la kawaida, liwe jema au ovu au kubwa tu, kama ile fidia ya Pistol, na nomino iliyofuata ndiyo iliyotoa mwelekeo. Kisha likazoea kukaa na nomino za upande mmoja, hata mwisho likaambukizwa tabia za masahibu zake. Rai hii yautendea haki ushahidi kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa yaeleza hatua ya katikati ambayo wenye rai ya kejeli huiruka. Kadhalika yatukumbusha kwamba neno haliishi peke yake katika kamusi, bali huishi katika jozi na misemo, na aliyelisikia mara kumi pamoja na uongo na woga, pasipo kulisikia hata mara moja pamoja na ushujaa, hana sababu ya kulipeleka kwenye ushujaa. Illa na yenyewe ina pengo: yasimulia lililotokea bila kusema kwa nini lilitokea kwa upande huo. Mbona halikuzoea nomino njema, likawa neno la mashujaa?

Rai ya tatu haitajwi sana, nami ndiyo ninayoiegemea, ijapokuwa sidai kwamba yatosha peke yake. Ni kwamba maana ya heshima hudumu pale inapokuwa na cheo cha kuishikilia, na huanguka kwa urahisi pale isipokuwa nacho. Lilinganishe neno letu na "eminent", ambalo kwa asili ni pacha wake, kwani nalo maana yake ni kitu kilichochomoza juu ya vingine, na lingaliweza kabisa kuwa sifa ya wezi wakubwa. Lakini mwaka 1630 Papa Urban VIII aliamuru makadinali waitwe kwa lakabu inayotokana na neno hilo, na tangu hapo nani angethubutu kuligeuza? "Excellent" nalo lina mabalozi na magavana wa kulilinda. Katika Italia "egregio" limejikita katika bahasha na anwani, na kila karani anayeandika barua hulithibitisha upya. Katika Kireno, hususan huko Brazil, wakili akiandika rufani huiita mahakama ya juu "Egrégio Tribunal", na wimbo wa taifa wa Ureno huwapa mababu sifa hiyohiyo. Waingereza waligawa vyeo kwa wingi, vya waheshimiwa na watukufu na kila daraja kati yao, lakini hawakumpa mtu yeyote cheo cha kuwa egregious. Neno likabaki bila ajira, katika lugha ambayo tayari ilikuwa na sifa njema nyingi kupita kiasi, ilhali sifa za ubaya wenye kuvuta macho zilikuwa chache. Likaenda kulikokuwa na kazi.

Rai hii nayo haikosi dosari. Kihispania hakina desturi ya barua kama Kiitaliano, na bado "egregio" ni njema huko, ingawa ni neno la vitabuni. Na "famous" la Kiingereza halikupewa cheo chochote na bado halikuanguka, labda kwa kuwa "infamous" lilisimama kando yake likipokea mabaya yote. Kwa hiyo cheo si sharti la lazima. Lakini tukizikusanya rai zote tatu pamoja, picha hutulia: kejeli ilianzisha, upana wa maana uliruhusu, masahibu waliambukiza, na kukosekana kwa cheo kukaacha mlango wazi.

Wasemaji wa Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kuona jinsi mamlaka inavyoweza kushika au kusukuma maana. "Kabaila", neno lililotokana na wingi wa "kabila" katika Kiarabu, lilikuwa likimaanisha mtu wa ukoo bora, mwenye nasaba na jaha. Na "bepari", lililotoka Gujarati, lilikuwa mfanyabiashara tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipomkataza kiongozi kushiriki katika jambo lolote la kibepari au la kikabaila, maneno yote mawili yalikuwa tayari njiani, lakini hapo yalipigwa muhuri, na kizazi kilichofuata kilijifunza kuwa kabaila ni mnyonyaji. Hapakuwa na kejeli yoyote katika jambo hilo.

Je, asili ndiyo maana?

Wako waheshimiwa ambao, baada ya kusikia haya, husema kuwa yote ni historia ya kosa, na kwamba mwandishi mwadilifu arudi kwenye maana ya kwanza. Rai yao ina mambo mawili ya kusifiwa. Kwanza, anayejua asili ya neno hulisoma vizuri zaidi: atamwelewa Marlowe, hatamdhania Mtaliano kuwa amemtukana, na ataona undugu kati ya neno hili na lile la waumini waliokusanyika kanisani. Pili, asili huhifadhi kivuli cha maana ambacho matumizi ya haraka hukisahau. Kwa sababu neno hili latokana na kutoka kundini, lafaa kwa kosa lililojitenga na makosa ya kawaida, wala si kwa kila kosa linaloudhi. Waandishi wa siku hizi walitumiao kwa treni iliyochelewa au kwa chai iliyopoa wanalipotezea makali, na hapo wapenzi wa asili wana haki ya kulalamika.

Lakini wakitaka kuifanya asili kuwa hakimu wa mwisho, dai lao halisimami. "Candidate" kwa asili ni mtu aliyevaa nguo iliyopakwa weupe, kama walivyofanya Warumi walioomba vyeo, na hapana ajuaye asili hiyo anayetaka wagombea wetu wavishwe kanzu nyeupe ndipo wahesabiwe kura. Tena dai lenyewe lina hatari ya kivitendo: mgeni atakayemwandikia mwenyeji wake barua ya Kiingereza akimwita egregious kwa kufuata Kilatini au Kiitaliano atakuwa amemtukana, na nia yake njema haitasomeka popote katika karatasi.

Kundi la pili, la wale wasemao kuwa asili haina faida yoyote, limekosea kwa upande wa pili, na kosa lao nimekwisha kulijibu kwa kumtaja Marlowe. La tatu, la wale washauri wa lugha nyepesi wanaotaka neno liachwe kabisa, lina haki katika magazeti na hotuba, ambako "baya mno" hutosha. Haki hiyo huisha mlangoni mwa mahakama.

Mahakamani, na mbele ya mfasiri

Katika sheria neno hili limepata, baada ya karne nne za kutangatanga, ile ajira ambayo lilikosa katika lugha ya heshima. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika shauri la Halo Electronics dhidi ya Pulse Electronics, ilieleza kwamba fidia ya kuzidishwa kwa kuvunja hataza, ambayo sheria huruhusu ifike mara tatu ya hasara, kwa kawaida iwe kwa mashauri yaliyo egregious, ambayo mfano wake ni ukiukaji wa makusudi, wala si kwa kila aliyevunja hataza. Mwaka 2009 baraza la usuluhishi lililosikiliza madai ya kampuni ya Glamis Gold ya Kanada dhidi ya Marekani, juu ya mgodi wa dhahabu uliokusudiwa kuchimbwa California, liliweka kipimo kwamba kitendo cha serikali sharti kiwe egregious na cha kushtua vya kutosha ndipo kihesabiwe kuwa kimevunja kiwango cha chini cha kumtendea mwekezaji, na madai hayo yakatupwa. Katika mashauri yote mawili neno linafanya kazi ya uzio: huku fedha nyingi, huku fedha kidogo au hakuna. Wakosoaji husema uzio huo hauna vipimo, na kwamba kila hakimu ataujenga panapompendeza. Watetezi hujibu kwamba sheria haiwezi kuorodhesha mapema kila namna ya uovu, na kwamba ni heri neno linalomlazimisha hakimu kulinganisha kosa moja na makosa mengine ya aina yake kuliko namba iliyotungwa na mtu asiyeujua mkasa. Mimi naona watetezi wana hoja nzito zaidi, na yafurahisha kwamba hoja yao, bila wao kukusudia, ni ile ya zizi: kosa hili limetoka katika kundi la makosa, au lingali ndani?

Jambo hili limekuwa na uzito mpya kwetu tangu mwaka 2021, Tanzania ilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya sheria, kwa kuwa hukumu za nje zinazotegemewa kama hoja bado huja kwa Kiingereza. Mfasiri akikutana na "egregious error" ana maneno mengi mkononi, na kila moja lina kasoro. "Kosa kubwa" hutoa ukubwa tu. "Kosa la dhahiri" hutoa kuonekana tu, na makosa madogo nayo huonekana. "Kosa la kuchukiza" humtia hakimu hasira ambayo pengine hakuwa nayo. "Adhimu" lingekuwa na mvuto, kwani katika Kiarabu cha Kurani sifa hiyo huambatana na thawabu na pia na adhabu, nomino ndiyo itoayo mwelekeo, sawasawa na fidia ya Pistol; lakini Kiswahili kimekwisha kulielekeza kwenye taadhima na maadhimisho, na "kosa adhimu" lingesikika kama kosa linalofanyiwa sherehe. "Kosa lililokithiri" hukaribia, ila kukithiri kwa asili ni wingi, na kosa moja haliwi wingi. Kwa maoni yangu "kosa lililopindukia" ndilo libebalo mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu lina mpaka ndani yake na kitendo cha kuuvuka, na pale maandishi yanapotaka ukali wote yaweza kuandikwa "kosa la wazi lililopindukia mipaka".

Mfasiri wa Kireno, kwa upande wake, hana shida hiyo hata kidogo. Akikutana na "Egrégio Tribunal" juu ya rufani iliyotoka Brazil, ataandika kile ambacho mawakili wetu husema kila asubuhi wanaposimama mbele ya hakimu, "Mahakama Tukufu", na kuendelea na kazi yake.